Mama alishapigwa CT ya kichwa, mbona sasa anaandikiwa MRI ya mgongo?

SWALI

Daktari, habari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi naye Umoja. Mwezi uliopita aliteleza kwenye ngazi za ploti, akakimbizwa hospitali na kupigwa CT ya kichwa. Tukaambiwa hakuna damu iliyovuja. Kichwa kilipoa, lakini mgongo haujamwacha alale. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita nyuma ya paja la kushoto mpaka kidole kidogo cha mguu, na unyayo umekufa ganzi. Daktari wa mifupa ameandika MRI ya mgongo wa chini. Kaka zangu wanasema hizo ni pesa zinatafutwa kwa kuwa picha alishapigwa, na kama ni lazima, kuna kituo cha karibu kitampiga CT ya mgongo kwa bei nafuu. Shangazi anatuonya kwamba MRI ina mionzi mikali kuliko CT. Tena mama ana chuma mguuni tangu alipovunjika mwaka 2009, ana kisukari na anatumia metformin, na anaogopa sana kufungiwa mahali padogo. Tushike lipi?

JIBU

Dada, pole kwa kuuguza, na umfikishie mama pole zangu.

Kabla ya habari za mashine, mwulize mama mambo matatu leo. Je, mkojo umeanza kumkatalia, au unampita bila yeye kujua? Je, pale anapokalia, kwenye makalio na mapaja kwa ndani, amekufa ganzi? Je, mguu unazidi kuishiwa nguvu kiasi kwamba unyayo unaburuta anapotembea? Akijibu ndiyo kwa hata moja, achaneni na tarehe ya kliniki na vikao vya familia. Mpelekeni leo hii idara ya dharura ya hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji wa mgongo, kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa kwa nguvu, kuchelewa kunaweza kumfanya asiweze kuzuia mkojo maisha yake yote. Ikiwa hana dalili hizo, tunayo nafasi ya kuzungumza.

Kaka zako wanachukulia kwamba picha ni picha, na ndiyo maana wanaona mama anatozwa mara mbili. Lakini kila picha hupigwa ili kujibu swali fulani. Siku alipoanguka, swali lilikuwa moja tu: kuna damu ndani ya fuvu? CT ndiyo mashine ya swali hilo. Huchukua sekunde chache, huwa tayari usiku na mchana katika hospitali kubwa, na damu mbichi huonekana nyeupe pe ndani ya ubongo ulio wa kijivu. Jibu lilipatikana, na lilikuwa jibu jema. Swali la leo ni jingine: ni neva ipi ya mgongo inayobanwa, na kinachoibana ni nini? CT ile haiwezi kulijibu, kwa sababu iliishia kichwani. Hakuna kinachorudiwa hapa.

Sasa, kwa nini isiwe CT ya mgongo? Hapo inabidi kujua kila mashine inapima nini.

CT hutumia eksirei. Mrija unaotoa mionzi huuzunguka mwili, vipokezi vya upande wa pili hupima kiasi kilichopenya, kisha kompyuta hukokotoa vipimo hivyo na kuchora mwili tabaka kwa tabaka. Hesabu zake zina mizizi katika bara letu. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mhandisi Godfrey Hounsfield ndiye aliyeunda mashine huko Uingereza, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kinachopimwa na CT ni uzito wa kitu mbele ya mionzi: mfupa huizuia sana, hewa karibu haiizuii, nyama na maji viko katikati. Kwa hiyo mfupa uliovunjika, damu iliyovuja, mapafu na mawe ya figo huonekana vizuri mno. Udhaifu wake huja pale vitu viwili laini vinapokaribiana kwa uzito. Diski (mto laini ulio kati ya pingili mbili za mgongo), neva na maji yanayoizunguka neva viko hivyo hivyo: kwenye CT mipaka yao hufifia.

MRI haitumii eksirei hata chembe. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Mwili wetu umejaa maji na mafuta, na ndani yake mna hidrojeni nyingi. Sumaku huvilaza viini vya hidrojeni katika mwelekeo mmoja, mawimbi ya redio huvisukuma vitoke kwenye mstari, na vinaporudi mahali pake hutoa ishara ambayo mashine inainasa. Hidrojeni iliyo ndani ya diski yenye maji hurudi kwa kasi tofauti na ile ya mafuta, ya neva, ya usaha au ya sehemu iliyovimba. Tofauti hizo ndizo zinazogeuka kuwa picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walitunukiwa Nobel mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

Kwa mama yako, hilo lina maana kubwa. MRI itaonyesha diski ipi imetokeza nje, na imeigusa neva ipi. Neva iliyobanwa ni kama mpira wa maji uliokanyagwa: shida inaonekana mwisho wa mpira, lakini mguu uliokanyaga uko mbali, kule juu. Maumivu yanayopita nyuma ya paja hadi kidole kidogo, pamoja na ganzi ya unyayo, kwa kawaida hutuelekeza kwenye neva ya S1, inayotoka chini kabisa ya kiuno. Nadhani daktari wake anaishuku hiyo, na MRI ndiyo itakayomwambia kama yuko sahihi.

Kuna jambo la pili ambalo familia nyingi hazilijui. Mwanamke wa miaka 61 aliyeanguka anaweza kuwa na pingili iliyobonyea. CT itaonyesha kwamba imebonyea, lakini mara nyingi haiwezi kusema kama ni ya mwezi uliopita au ya miaka kumi iliyopita. MRI huona maji ndani ya uboho wa mfupa ulioumia karibuni, kwa hiyo inatofautisha jeraha jipya na la kale. Vilevile huona mapema kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao tungali nao hapa Kenya na ambao huanza kimyakimya kama maumivu ya kawaida ya mgongo. Sisemi mama anao. Nasema ni moja ya mambo ambayo daktari anataka kuyaondoa akilini, na MRI inamsaidia kuyaondoa.

Mkienda kwenye CT ya bei nafuu, nachelea mtaletewa karatasi iliyoandikwa kwamba mifupa ni mizima, ganzi ibaki palepale, kisha mrudi kulipia MRI. Mtakuwa mmelipa mara mbili, na mama atakuwa amepata mionzi isiyo na faida. Ningemwandikia mtu CT ya mgongo angekuwa ameumia vibaya kwenye ajali ya gari na tunatafuta mivunjiko haraka, au ana kifaa mwilini kisichoruhusu sumaku. Mama yako hayuko katika hali hizo.

Pamoja na hayo, simtetei kila anayeandika MRI. Maumivu ya mgongo yasiyoshuka mguuni, yasiyo na ganzi, homa, kupungua uzito wala kuanguka, mara nyingi hupungua ndani ya wiki kadhaa kwa dawa za maumivu na kujinyoosha, na kuyapiga picha mapema hakuharakishi kupona. Mgonjwa wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini apigwe MRI. Mama amepita huko: alianguka, amevuka miaka 60, mwezi umekwisha, na unyayo una ganzi. Hata hivyo mwulizeni daktari swali moja kwa heshima: "Matokeo ya picha hii yatabadilisha nini katika matibabu?" Daktari mzuri atakujibu bila kukasirika. Atasema, kwa mfano, kwamba akiona neva imebanwa sana atampeleka kwa mpasuaji, na asipoona hivyo ataendelea na mazoezi ya viungo.

Onyo la shangazi lina ukweli, ila ameligeuza. Yenye mionzi ni CT, na MRI haina. Lakini hata CT isiwatie hofu kupita kiasi. CT ya kichwa hutoa takribani milisiveti 2 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Kila binadamu hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga bila kuingia hospitali yoyote. CT ya tumbo ni nzito zaidi, hufika milisiveti 8 hadi 10. Kwa mtu aliyegonga kichwa, faida ya kujua kama anavuja damu inaizidi hatari hiyo kwa mbali sana, na hospitali ilifanya vyema. Pale ninapokuwa mkali ni kwa watoto, na kwa watu wanaopigwa CT ileile mara kwa mara kwa sababu tu ile ya awali imepotea. Tunzeni CD ya picha za mama kama mnavyotunza kitambulisho.

Sasa chuma. Hapa nataka unisome polepole.

Mashine nyingi za MRI zina sumaku ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Tena haizimwi. Mashine ikiwa imepumzika, taa zimezimwa na wafanyakazi wamekwenda nyumbani, sumaku bado inavuta. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York, mtungi wa oksijeni ulivutwa ndani ya mashine na kumuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa akipigwa picha. Ndiyo maana wahudumu wa MRI huuliza maswali yaleyale mara tatu, na ndiyo maana hata wewe unayemsindikiza utaulizwa.

Chuma cha mama ni habari nyingine. Sahani na skrubu za mifupa hutengenezwa kwa titani au kwa aina ya chuma cha pua ambayo sumaku haiivuti kwa nguvu ya kutisha, na ya kwake imeshikana na mfupa kwa miaka mingi. Kwa kawaida mtu kama yeye hupigwa MRI bila tatizo. Chuma huchafua picha pale kilipo tu, nacho kiko mguuni wakati picha ni ya kiuno. Lakini lazima mkiseme. Mkiwa na kadi au barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali ya mwaka 2009, ibebeni. Mkiwa na eksirei ya mguu huo, ibebeni pia. Kuna wagonjwa wanaoficha chuma kwa kuogopa kurudishwa nyumbani, na inaniuma kila ninapolisikia, kwa sababu yule anayeuliza anatafuta njia ya kumpiga picha kwa usalama.

Vitu vinavyotutia wasiwasi hasa ni vingine: kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, klipu ya zamani iliyofungwa kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, risasi au vipande vyake, na chembe za chuma machoni. Hili la machoni ni la Nairobi kabisa. Mtu aliyechomelea au kusaga chuma kwenye jua kali, pale Kamukunji au Gikomba, hata kama aliacha zamani, anaweza kuwa na chembe jichoni asiyoijua, na sumaku ikaisogeza. Mwulize mama kama aliwahi kuifanya kazi hiyo au kukaa karibu nayo hadi kitu kikamrukia jichoni. Kama ndiyo, semeni, na watampiga eksirei ya macho kwanza.

Kisukari na metformin visiwape usumbufu. MRI ya mgongo wa chini mara nyingi hupigwa bila kudungwa dawa yoyote. Onyo mnaloweza kusikia kuhusu metformin linahusu CT inayotumia dawa yenye ayodini, na linamhusu zaidi mtu ambaye figo zake zimechoka. Daktari akitaka dawa ya MRI, iitwayo gadolini, kwa sababu anashuku usaha au uvimbe, mpeni matokeo ya karibuni ya kipimo cha figo, maana hiyo nayo hutumiwa kwa uangalifu figo zikiwa hoi. Na kama mama amebandikwa kipimasukari cha kwenye mkono, mkitaje na mwulize kama kivuliwe kabla ya kuingia.

Hofu ya kufungiwa ni ya kweli, msimcheke wala msimwambie ajikaze. Tundu la mashine lina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, na hapo ndani atalala kimya kama dakika 20 au 30, huku mashine ikigonga na kunguruma. Kelele hizo ni za kawaida, na atapewa vya kuziba masikio. Pigeni simu mapema mkaseme kwamba anaogopa. Waulizeni kama anaweza kuingizwa miguu kwanza, kwa kuwa kinachopigwa ni kiuno na huenda kichwa kikabaki karibu na mlango. Afunikwe macho kwa kitambaa kabla ya kusukumwa ndani, si baada ya kuona dari limemkaribia. Atashikishwa kipira cha kubonyeza akitaka kutolewa: akijaribu mara moja kabla ya kuanza na kuona wanamjibu, nusu ya woga huondoka. Wewe unaweza kukubaliwa kukaa chumbani humo ukimshika mguu, mradi hata wewe huna chuma. Ikishindikana, daktari anaweza kumwandikia kidonge cha kutuliza, ila asirudi nyumbani peke yake kwa matatu baada ya kukimeza.

Mtaambiwa pia kuna MRI iliyo wazi pembeni. Ipo, na kwa mwenye hofu kuu inaokoa. Nyingi za aina hiyo zina sumaku dhaifu, tesla 0.2 hadi 0.4, na picha zake hazina ukali wa zile za 1.5. Kwa diski kubwa iliyotokeza zinatosha, lakini vitu vidogo vinaweza kuzikwepa. Ukiona vituo viwili vya Nairobi vina bei zinazopishana sana kwa MRI hiyohiyo, uliza kila kimoja sumaku yake ni tesla ngapi, na picha itasomwa na daktari wa radiolojia aliyesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, au la. Kama mnategemea SHA, bima ya afya ya serikali, au bima ya kazini, ulizeni juu ya idhini kabla ya siku ya picha.

Kisha tazameni fomu ya daktari. Kama imeandikwa tu "maumivu ya mgongo", mwombeni aongeze: alianguka lini, mguu upi, ganzi iko wapi, anashuku neva ipi, mguuni kuna chuma. Sisi tunaosoma picha hatumwoni mama yako. Tunachoona ni mamia ya picha za kijivu na mistari miwili ya maandishi, na mistari hiyo ndiyo inayotuambia tukazie macho wapi.

Jiandaeni pia kwa lugha ya ripoti. Karibu hakuna MRI ya mgongo wa mtu wa miaka 61 isiyo na diski iliyokauka au iliyotokeza kidogo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na asilimia 52 walikutwa na diski iliyovimba nje angalau mahali pamoja. Kwa hiyo mkisoma kwamba diski tatu zimetokeza, msilie na msimtafutie mama mpasuaji usiku huohuo. Linalotakiwa ni picha na mwili visimulie kisa kimoja. Diski iliyotokeza kushoto, chini kabisa ya kiuno, inayogusa neva ya S1, inaeleza mguu wa mama. Iliyotokeza kulia, juu zaidi, haielezi chochote, hata ripoti ikiiandika kwa maneno ya kutisha. Anayeweza kuoanisha hayo mawili ni yule aliyemgusa mguu na kumpima nguvu za unyayo, hivyo CD na ripoti zirudi kwa daktari wa mifupa aliyeiandika, wala zisiishie kwa jirani wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Siku ya picha mama anywe chai yake na kula kama kawaida, ameze metformin yake kwa saa yake, isipokuwa kituo kikisema atadungwa dawa au kupewa ya usingizi. Avae dera la pamba lisilo na zipu. Vibanio vya nywele, pini za kitambaa, hereni, sidiria yenye waya, sarafu, simu na kadi ya benki vyote vibaki nje. Na kabla hajalala kwenye kitanda cha mashine, mkumbushe amtajie mhudumu tena, kwa mdomo wake mwenyewe, kile chuma cha mguuni.